Jiwe la Kulainishia Zipu

Marehemu alilala kifudifudi kwenye sakafu ya ghala, rafu ya chuma imemwangukia, na mgongoni mwake yamemwagika makasha ya mawe. Vilivyoonekana ni viatu vyake, mkono mmoja, na kile kioo kidogo cha kukuzia alichokivaa shingoni kwa kamba, kimechomoza ubavuni. Kwa ajili ya kioo hicho mgodi mzima ulimwita Lenzi. Alikuwa mjiolojia, kijana, hajaoa, mcheshi, na sasa ndio hivyo tena.

"Ajali," alisema meneja wa mgodi. Alilisema neno hilo hata kabla gari la polisi halijazimwa.

"Ahsante, meneja, umenirahisishia kazi," alijibu Inspekta. "Sasa simama pale mlangoni na usiguse kitu."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti isiyohitaji kupandishwa. Kituoni walimwita Msasa, kwa kuwa akikushika anakusugua mpaka rangi yako ya kweli itoke. Jina alilijua, na tuseme ukweli, alilipenda. Asubuhi ile lakini alikuwa na mkosi wake mdogo: zipu ya koti lake ilikwama katikati ya kifua, haipandi wala haishuki. Sajini, msaidizi wake wa miaka mingi, alikuwa amecheka njia nzima.

"Jua likiwaka, Afande, itabidi tukutoe humo kwa mkasi."

"Funga mdomo, fungua kamera."

Lile lilikuwa ghala la sampuli. Mgodi ulichimba kinywe, yale madini meusi yanayong'aa ambayo hutiwa ndani ya penseli na siku hizi ndani ya betri. Kabla hujachimba lazima ujue kilichoko chini, kwa hiyo mashine huichoronga ardhi na kutoa mawe marefu ya duara, manene kama kifundo cha mkono. Mawe hayo hupangwa kwenye makasha yenye mifereji kwa utaratibu uleule yaliyotoka nao ardhini, la juu kwanza, la chini mwisho. Pale ambapo jiwe lilivunjika na kupotea chini kwa chini, mafundi huweka kibao cha mbao kuziba pengo, ili anayekuja nyuma asidanganyike.

Kinywe kina tabia moja: kinapaka. Kilikuwa kimepaka meza, swichi, kitasa cha mlango, hata dari, sijui nani aliifikia. Kila mahali alama za vidole ziling'aa zenyewe.

"Mambo gani haya," alilalamika Sajini, kopo la poda mkononi. "Hapa alama za vidole zimejipaka poda bila mimi. Vidole vya mgodi mzima viko hapa."

"Basi tutafute mahali ambapo havipo," alisema Inspekta.

Daktari wa polisi aliinuka kutoka kwenye maiti, akavua glavu.

"Majeraha ya mgongoni na miguuni hayakutoa damu," alisema. "La kisogoni lilitoa nyingi, na ikaganda. Makasha yalimkuta ameshakufa."

"Kifaa?"

"Kitu kigumu, cha duara. Kama haya mawe."

"Lini?"

"Jana jioni, kabla ya giza."

Pale mlangoni meneja aliacha kusema ajali. Alianza kujifuta jasho.

Inspekta alizunguka ghala polepole. Kando ya bomba la maji palikuwa na meza, na juu yake kasha moja ambalo halikuanguka. Hapo ndipo Lenzi alipokuwa akifanya kazi: ukilimwagia jiwe maji, rangi na mishipa yake huonekana vizuri. Mawe yalikuwa yamejipanga mferejini, meusi ti, mpaka karibu na mwisho. Hapo palikuwa na pengo, na kwenye pengo kibao.

Inspekta aliinama. Vibao vingine vyote vya lile kasha vilikuwa vimekolea weusi. Hiki kilikuwa cheupe, kipya, kinanukia mbao. Pembeni mwake ilikaa alama moja tu ya dole gumba.

"Sajini, kifungie hiki peke yake. Kipelekwe maabara."

"Majibu hayatatoka leo, Afande."

"Sina haja ya kuyasubiri. Nitakuwa nimeshamjua mwenye dole."

Huyo ndiye Msasa. Ungeweza kumwona ana majivuno, lakini alikuwa hajawahi kukosea mbele ya Sajini, na Sajini alikuwa akisubiri siku hiyo kwa hamu.

Mtuhumiwa wa kwanza alijileta kwa sauti yake. Alikuwa fundi mchorongaji, na mashine ilikuwa imemharibu masikio, kwa hiyo alisema kila kitu kwa kupiga kelele. Ndiyo sababu walimwita Kelele. Watu watatu walikuwa wamemsikia jana kantini akimwambia Lenzi atamzika kwenye shimo lake mwenyewe.

"Ulimtishia kifo!" alianza Sajini.

"Nilimtania!" alifoka Kelele. "Alinichorongesha shimo refu nyuma ya ukuta wa mashariki, siku za likizo yangu! Nilimwambia nitamzika humo, akacheka, akaninunulia soda! Lenzi alikuwa rafiki yangu!" Machozi yakamtoka bila yeye kuyajali. "Muulizeni mke wangu, hata nikimwambia nampenda majirani wanatoka nje!"

Inspekta alimwonyesha picha ya kasha.

"Shimo ulilochoronga ndilo hili?"

"Ndilo!"

"Na hapa jiwe lilipotea?"

Kelele aliitazama picha, akakunja uso. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka.

"Hapana. Hicho kibao si changu. Shimo lile lilitoka zima, sikupoteza hata kipande. Pale mwisho palikuwa na mwamba wa kinywe kitupu, laini, umesuguliwa ukang'aa kama kioo. Ulikuwa unaniponyoka mkononi."

"Nani angeweza kuweka kibao hiki?"

"Mtu wa kazi. Mwingine angeacha pengo, au angesogeza mawe kulijaza. Sisi tumefundishwa jiwe likikosekana weka kibao, na jiwe la sampuli halitupwi abadani. Mzee Ngazi alikuwa akitupiga makofi ya kisogo kwa kosa hilo."

"Mzee Ngazi ni nani?"

"Msimamizi wa shimo. Ndiye mwalimu wetu sote."

Mzee Ngazi alikuja mwenyewe, kofia ngumu mkononi, mvi zimepangwa vizuri. Aliitwa hivyo kwa sababu shimo la mgodi huteremka kwa ngazi kubwa zilizokatwa mwambani, na kila ngazi ya shimo lile aliipima yeye. Aliwasalimu polisi kwa heshima, akauliza kama wamepata chai.

"Ulimwona marehemu lini, mzee wangu?" aliuliza Inspekta.

"Jana jioni. Alikuwa anaingia ghalani."

"Mlizungumza?"

"Salamu tu. Alikuwa kama mwanangu, Inspekta. Kijana msikivu."

Sauti yake ilitetemeka, na haikuwa ya kuigiza. Inspekta alilitia hilo akilini. Alishawahi kuwaona wengi wanaolia kwa dhati juu ya mtu waliyemuua.

Alipoondoka, meneja alijipenyeza karibu.

"Mzee mwenyewe leo hayuko sawa," alinong'ona. "Alfajiri, kabla hata hatujapata habari hii, ameiondoa mitambo yote ukuta wa mashariki na kuipeleka magharibi. Watu wote juu, hataki mtu pale chini. Hata kuniuliza hakuniuliza. Kinywe bora kiko mashariki!"

"Amesema kwa nini?"

"Eti tahadhari ya mvua."

Inspekta alitazama nje. Mbingu ilikuwa nyeupe pe, bila wingu hata moja.

Simu ya Lenzi ilikuwa mfukoni mwake, kioo kimepasuka lakini nzima. Ujumbe wa mwisho aliutuma jana jioni kwa mwanamke mmoja: "Dada, kesho nakuja kwako. Nina habari ya marehemu mumeo. Ni habari njema, jiandae kufurahi."

"Habari njema ya marehemu?" Sajini alijikuna kichwa. "Hiyo nayo mpya."

"Mwanamke ni nani?"

"Fundi cherehani. Mjane wa dereva wa katapila aliyefia mgodini mwaka jana." Sajini akasoma zaidi kwenye faili la mgodi, akanyanyua uso. "Binti wa Mzee Ngazi. Anaishi naye."

Cherehani ilikuwa barazani, imezungukwa na vitambaa, suruali za shule na magauni yasiyokwisha. Mjane alikuwa mwembamba, mwepesi wa mikono, pini mdomoni. Alipoambiwa Lenzi amekufa alizitoa pini moja moja, akaziweka mezani, ndipo akalia.

"Habari aliyotaka kukupa ni ipi?" aliuliza Inspekta baada ya kumwacha alie.

"Sijui, dada yangu. Nilikesha nikiiwaza." Alijifuta kwa kipande cha kitambaa. "Mume wangu alikufa ukuta ulipomporomokea, yeye na msaidizi wake. Ripoti ikasema alichimba chini ya ukuta mahali alipokatazwa. Kiherehere, wakasema. Kwa hiyo si kwamba nimefiwa tu, mimi ni mke wa muuaji. Unaiona nyumba ile yenye mlango wa bluu? Ni ya mama wa yule msaidizi. Akiniona anavuka barabara. Mwaka mzima."

"Nani aliandika ripoti?"

"Baba. Ilimuuma sana. Kila siku ananiambia, mwanangu, msamehe mumeo, alikosea kama binadamu."

Inspekta aliinama kuandika. Mjane alimtazama koti, na ufundi ukaishinda huzuni.

"Zipu yako imekwama, dada. Ngoja."

Alichukua kopo la vifungo, akatoa humo jiwe jeusi la duara, akalisugua kwenye meno ya zipu juu na chini. Kisha akavuta. Zipu ikateremka sss, kama haijawahi kukwama.

"Nalitumia tangu asubuhi," alisema. "Na linachora kitambaa cheupe kuliko chaki yangu. Jamani linateleza hilo!"

"Umelitoa wapi jiwe hili?"

"Nilikuwa natafuta koleo kwenye boksi la zana la Baba. Yamo mengine, kayafunga kwenye gunia. Mtu wa mawe huyo, hatupi jiwe."

Upande mmoja jiwe lilikuwa limevunjika vibaya. Upande wa pili ulikuwa sawasawa, umesuguliwa, unang'aa mpaka Inspekta aliona kivuli cha uso wake.

"Naliazima jiwe hili, na gunia lake," alisema taratibu. "Nitarudi kukueleza. Nakuahidi."

Ghalani waliyapanga mawe ya gunia kwenye pengo lililoachwa na kile kibao cha bandia. Kelele ndiye aliyepanga. Upande uliovunjika ulikaa kwenye jiwe la jirani, ukabana. Mstari mwekundu ambao mafundi huchora urefu mzima wa mawe ukaunganika bila kukatika. Moja kati ya mawe yale lilikuwa na doa la kahawia, na daktari alilichukua kwa kibano.

"Nifahamishe kama mtoto," Inspekta alimwambia Kelele. "Uso huu unaong'aa una maana gani?"

Kelele aliegemeza makasha mawili tupu, moja juu ya lingine, akayainamisha. Kasha la juu likateleza likaanguka.

"Tabaka la kinywe ndivyo lilivyo! Mwamba wote wa juu umekalia utelezi! Tabaka likiinamia shimoni na wewe ukaukata ukuta wima, unakuwa umeuondolea miguu. Siku yoyote unashuka." Macho yakamtoka. "Mungu wangu. Uko nyuma ya ukuta wote!"

"Na ule ulioporomoka mwaka jana?"

"Tabaka hilihili," alisema Kelele. Alisema kwa sauti ndogo, na Sajini akajua mambo ni mazito.

Mzee Ngazi aliingia ofisini kwa meneja akiwa wima. Inspekta alikuwa amekaa, koti limefungwa mpaka shingoni.

"Kaa, mzee wangu."

"Nimezoea kusimama."

"Leo kaa."

Akakaa. Sajini alisimama mlangoni.

"Alfajiri umewaondoa watu ukuta wa mashariki. Kwa nini?"

"Mvua."

"Mvua ipi?"

"Tahadhari, Inspekta. Kazi yangu ni tahadhari."

"Ulitoa amri Lenzi akiwa bado chini ya rafu. Ripoti alikuwa hajaandika. Mtu aliyejua kuwa ukuta ule ni mbovu alikuwa mmoja, naye alikuwa maiti. Wa pili alijuaje?"

Mzee aligeuza kofia yake mapajani.

"Ulimsalimu tu, sivyo?"

"Tulisalimiana."

"Halafu mtu wa kazi akaondoa mawe kwenye kasha na kuweka kibao. Mikono yake ilishazoea, mzee wangu. Hakuweza kuliacha pengo wazi. Na hakuweza kuyatupa mawe, kwa sababu maisha yake yote amewafundisha watu kuwa hayatupwi. Angeyatupa kichakani, mimi ningekuwa bado nahangaika."

"Maneno hayo hayana ushahidi."

Inspekta akashika zipu ya koti, akaishusha mpaka chini, akaipandisha mpaka shingoni. Kisha akaweka jiwe mezani.

"Ilikuwa imekwama. Binti yako ameilainisha kwa hili."

Mzee alilitazama jiwe. Uso ulimporomoka kabisa.

"Amelishika?"

"Tangu asubuhi anawasugulia watu zipu."

"Hapana," alisema mzee. "Hapana, hapana. Si yeye." Akafunika uso kwa kofia yake, na mabega yakaanza kutikisika. Inspekta alimwacha. Kuna wakati wa kusugua na wakati wa kuweka msasa chini.

"Nilizikata ngazi zile wima mno," alisema mwishowe. "Tulitaka kinywe haraka. Mkwe wangu aliniambia, Baba, huu ukuta unanitisha. Nikamwambia chimba, hujui mwamba kuliko mimi. Ukashuka. Nilifika wa kwanza. Niliona ule uso unaong'aa, nikajua ni mimi. Nikaagiza kifusi kizolewe upesi, nikaandika kuwa yeye ndiye aliyevuka mpaka."

"Na ukaendelea kuwaweka watu pale?"

"Nilijidanganya kuwa tabaka limeishia palepale. Nilihitaji liishie pale. Jana Lenzi ananiita ghalani, anacheka, Inspekta! Alidhani ananipa zawadi. Mzee, mkweo hana kosa, angalia! Tabaka linapita nyuma ya ukuta wote, kesho namwambia dada. Nikamwomba angoje. Nikamwomba kwa jina la mama yake. Akasema, mzee, lile jambo uliandika wewe, basi ulirekebishe wewe, mimi nitakusindikiza. Akageuka kumwagia jiwe maji. Mkono wangu ulikuwa na jiwe."

"Ulimuua ili kazi isisimame?"

"Kazi?" Mzee alikaribia kucheka. "Kazi nimeisimamisha mwenyewe alfajiri. Nilimuua ili mwanangu asijue kuwa baba anayempikia chai kila asubuhi ndiye aliyemfanya mjane."

Sajini alitoa pingu. Inspekta akamzuia kwa kidole.

"Binti yako yuko nje, mzee wangu. Nilimwahidi nitamweleza. Lakini nafikiri ni haki yake akusikie wewe."

Mjane aliingia na tepu ya kupimia bado shingoni. Mzee alisimama, akaongea akitazama sakafu, na hakuacha kitu. Alitaja ngazi, ukuta, ripoti, Lenzi.

Mjane aliangalia vidole vyake. Viling'aa kijivu.

"Mwaka mzima uliniambia nimsamehe," alisema.

"Mwanangu..."

"Nilimsamehe, Baba. Nilikaa kaburini kwake nikamwambia, mume wangu, nimekusamehe. Kosa hana, mimi namsamehe!" Akawageukia polisi. "Msifunge pingu bado. Baba, hayo uliyoyasema kwangu, utayasema na kwa mama wa msaidizi wake?"

"Nitayasema."

"Mbele za watu?"

"Popote utakapotaka."

"Basi twende sasa hivi. Mimi peke yangu hataniamini."

Inspekta alimtazama Sajini, na Sajini, ambaye kwa kawaida angetaja kanuni zote za polisi, alichukua funguo za gari.

Walishukia kwenye mlango wa bluu. Mama mmoja mzee alikuwa nje anafagia. Alipomwona mjane aliweka ufagio chini, akajifunga kanga vizuri, akageuka kuelekea upande wa pili wa barabara kama alivyozoea.

"Mama," mjane aliita. "Leo usivuke. Nimekuletea mtu."